Siku Kumi za Mbwa wa Bwana Bondo

Harufu ya mabondo yanayokauka haina mwenzake. Wageni walidhani ni samaki aliyeoza, lakini sivyo. Ni harufu nzito ya mafuta na chumvi na kitu kama gundi, inayokaa nyuma ya koo na kukungoja umeze mate. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Zamani kwetu kilitupiwa kunguru na paka, mpaka ilipofika miaka ya ruksa wakaja wanunuzi kutoka mbali wakakitaka kuliko walivyomtaka samaki mwenyewe. Ndipo jirani yetu wa Igoma, hapa Mwanza, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akitembeza mitumba begani, alipojenga ukuta wa matofali, akatandaza chanja za waya uani na kuanika mabondo aliyoyatoa soko la samaki la Mwaloni kila alfajiri. Upepo ulipotoka upande wake tulikula ugali wetu tukiwa tumebana pua. Mtaa mzima ulimwita Bwana Bondo, na yeye alilipokea jina hilo kwa kicheko, maana aliyeshiba hachukii utani.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza vitenge vya nje, ruksa kufungua duka dirishani, ruksa chama cha pili na cha tatu, ruksa kununua gari lililokwisha kuchoka katika nchi nyingine. Watu wazima walilitamka neno hilo kama wafungwa waliofunguliwa, na siwalaumu, maana hata mimi mtoto nilizikumbuka foleni za sukari. Lakini ruksa ilikuja bila maelekezo ya matumizi. Ukimwambia mtu aondoe mashine yake ya kusaga barabarani, anakujibu ruksa. Ukimwambia mwingine apunguze redio, ruksa. Mama yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, kazi aliyoirithi kwa babu yangu aliyemzaa baba, kwa sababu wanaume wa ukoo walikuwa na haya ya kugombeza watu, naye hakuwa nayo hata kidogo. Wengi walikwisha kumwambia kwamba nyumba kumi ni mambo ya zamani na sasa amwachie kila mtu na lake. Aliwasikiliza, akawauliza watoto wao hawajambo, akaendelea kuwagombeza.

Mbwa tulikuwa nao siku zote. Walikuwa mbwa wa kila mtu, wembamba, wenye rangi ya vumbi, wanaolala jivuni na kuamshwa kwa jiwe. Ukali wao ulikuwa wa mdomo tu. Ukiinama kama unayeokota kitu, wao walikwisha kufika Kisesa. Sheria yao haikuandikwa popote lakini hapakuwa na asiyeijua. Mbwa akila mayai ya jirani, mwenyewe amfunge. Akirudia, apelekwe kwa ndugu wa shamba, Misungwi au kwingineko. Aking'ata mtu, auawe siku ileile, na mwenye mbwa amuuguze aliyeng'atwa. Ilikuwa sheria ya mbwa wadogo, na ilitutosha.

Kisha Bwana Bondo akamleta Sajini. Alipewa na bosi mmoja wa kigeni wa kiwanda cha minofu aliyekuwa akirudi kwao. Alishushwa kwenye pikapu kwa minyororo miwili, mgongo mweusi, kifua cha rangi ya kahawia, masikio yamesimama, na kichwa chake kilinifika kifuani mimi niliyekuwa na miaka kumi. Tulimfuata mpaka getini tukiwa kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu. Nasikia kule alikotoka alikuwa akilala sebuleni. Kwa Bondo alilala stoo isiyo na dirisha, akalishwa matumbo ya samaki yaliyokandwa kwa pilipili kichaa, na kila jioni vibarua walipewa kazi ya kugonga debe mlangoni na kumchokoza kwa fimbo ili achukie watu. Ndivyo ilivyoaminika kwetu, kwamba mbwa asipotiwa uchungu hawezi kulinda mali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye ni mtoto wa mtu. Baada ya miezi miwili, ukipita nje ya ukuta ule ulimsikia akijibamiza kwenye bati la mlango, na kila nikipita nilihisi mgongo unaniwasha.

"Mbwa wangu haumi," Bwana Bondo alipenda kusema, na pumzi hiyohiyo alisimulia jinsi atakavyomrarua mwizi. Hata akili yangu ya darasa la nne iliona kasoro katika habari hiyo, maana sikuelewa mbwa angemtambuaje mwizi kwa sura. Mama aliita kikao cha nyumba kumi kwa ajili ya mbwa mmoja, jambo ambalo watu walilicheka kwa wiki nzima. Kikao kikatoa masharti matatu: mbwa mkubwa afungwe mnyororo tangu jogoo la kwanza mpaka watoto waingie ndani, geti la mabati litiwe komeo, na cheti cha chanjo kionyeshwe kwa mjumbe. Bwana Bondo alihudhuria akiwa amevaa miwani ya jua, akasema ndiyo kwa yote matatu, akatununulia soda, na hakutekeleza hata moja.

Masanja, mdogo wangu, alikuwa na miaka minne. Jumamosi ile mimi ndiye niliyekabidhiwa kumwangalia, na nilikuwa nacheza rede na wasichana wenzangu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Alikuwa akiendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti, ringi ikamponyoka, ikaviringika mpaka geti la Bwana Bondo, ikaligonga. Geti likafunguka kidogo. Masanja aliinama kuiokota akiwa amelipa geti mgongo. Sikumwona mbwa akitoka. Nilisikia sauti ya mdogo wangu, na sauti hiyo sijawahi kuisikia tena kwa mtoto yeyote, nashukuru Mungu. Kibarua aliyekuwa akimlisha Sajini ndiye aliyemrukia na mnyororo akamvuta. Kigimbi cha mguu wa kushoto wa Masanja kilikuwa kimefunguka, na nyama ya ndani ilikuwa nyeupe kabla ya kujaa damu.

Kabla damu haijakauka uwanjani, wanaume walikwisha kujaa na marungu, na baba yangu, fundi wa kuziba pancha, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona akichinja hata kuku, alikuja na panga. Wakati huohuo wazee walikuwa wakimtibu Masanja kwa ile dawa yetu: walikwisha kumkata Sajini kishungi cha manyoya ya mkia huku kibarua akiwa amemkaza mnyororo, wakayachoma kwenye kigae, na jivu lake wakalishindilia kwenye kidonda. Manyoya ya aliyeng'ata ndiyo dawa ya alipong'ata, ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Kilichobaki sasa kilikuwa kumwua mbwa na kwenda kwa Bwana Bondo kumwonyesha kazi.

Aliyezuia alikuwa Bwana Mifugo wa kata, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anapita na baiskeli yake akitoka kuchanja ng'ombe. Aliiacha baiskeli ianguke. Jambo la kwanza alilofanya ni kudai sabuni na maji, akalikwangua lile jivu lote kutoka kidondoni huku Masanja akipiga kelele, na akamwagilia madumu mawili ya maji bila kumjali mtu. Ndipo akasimama mbele ya panga la baba.

"Mkimwua sasa mmemwua shahidi," alisema. "Nani anajua kama ana kichaa au hana? Cheti hana. Sindano za mtoto hospitali zimekwisha, zinangojwa kutoka Dar. Basi anayejua ni huyu mbwa peke yake."

Akaeleza polepole, na mimi nilikuwa nimebanwa katikati ya miguu ya watu nikisikia kila neno. Kama kichaa kimo katika mate ya mbwa leo, mbwa mwenyewe hamalizi siku kumi. Ataacha kunywa, sauti itapasuka, atakufa. Akizimaliza siku kumi yu mzima, mtoto naye yu mzima. Akifa kabla, mama abebe mtoto aende popote penye sindano, hata nje ya nchi, kabla ugonjwa haujaanza.

"Na ukishaanza?" baba aliuliza.

Bwana Mifugo alimtazama mama, si baba, akamwita kwa Kisukuma. "Ukishaanza, mayu, hakuna dawa."

Watu hawakutaka kusikia. Mbwa aliyemtoa mtoto damu kuachwa hai alale, ale, kwao ilikuwa kama kumtukana aliyeng'atwa. Mama alisimama juu ya tairi la trekta pale kwenye banda la baba, damu ya mwanawe imemkauka kwenye khanga, akasema, "Nipeni siku kumi. Akizimaliza, siku ya kumi na moja nitawakabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, na sheria yetu itafuatwa. Na hatakaa kwa Bondo. Atakaa kwangu, nimwone." Minong'ono ilizunguka, kisha marungu yakashuka moja moja. Ahadi ni deni, na mama alikuwa mtu ambaye watu walijua atalipa.

Hivyo ndivyo mbwa aliyemng'ata mdogo wangu alivyohamia uani kwetu. Kibarua wa Bondo alimfunga kwa minyororo yote miwili kwenye ekseli ya lori bovu la baba. Baba alipima urefu wa mnyororo, akaongeza hatua mbili, akachora mstari wa majivu ardhini, na akatuambia atakayeuvuka atamchapa yeye kwanza kabla mbwa hajamfikia. Bwana Mifugo alichora mistari kumi ya mkaa ukutani. Akasema mbwa ahudumiwe na mtu mmoja tu, yuleyule kila siku, ili mabadiliko yaonekane. Wanaume wote Sajini aliwafokea kwa meno, kwa kuwa wanaume ndio waliompiga. Mama alipomkaribia alinguruma. Mimi niliposogea na ndoo nikisukuma kwa mti mrefu, alinitazama tu. Basi ikawa mimi, na sikudai nibadilishwe. Nilijua kwa nini nastahili.

Shida ilikuwa Masanja. Usiku wa kwanza, kila mnyororo ulipolia, alitetemeka kitandani mpaka homa ikapanda, na sote tulijua homa ni kitu gani katika nyumba ile. Mama akamwambia uongo. Alimwambia yule mbwa mbaya amepelekwa mbali, na huyu wa uani ni ndugu yake, mpole, amekuja kutulinda. Masanja hakuwa amemwona vizuri aliyemng'ata, alishambuliwa kwa nyuma. Akauliza jina la huyu mpole. Mama alikwama, mimi nikadakia, "Popi," kwa sababu nusu ya mbwa wa Mwanza waliitwa Popi. Akalala. Kuanzia kesho yake alikaa kizingitini na mguu wake uliofungwa bendeji, akimwimbia Popi nyimbo za chekechea, na Popi alisikiliza kwa masikio yake yaliyosimama. Baba aliondoka nyumbani saa hizo. Alisema hawezi kuangalia.

Siku ya tatu Bwana Bondo alikuja na pikapu na vijana wawili. Tulisikia kwamba amempata mtu wa Musoma anayemtaka mbwa. Shikamoo za watoto aliziitikia juu juu, akaenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa akichambua dagaa, akamwita kwa jina langu.

"Mama Kabula, pole sana kwa mtoto. Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Asante tumeshapoa. Mali yako imefungwa pale."

"Unajua sheria wewe? Siku hizi kila mtu na chake. Hayo mambo ya mjumbe na nyumba kumi yamekwisha. Ni ruksa mtu kufuga anachotaka."

Mama hakusimama. Aliendelea kutoa mawe kwenye dagaa. "Ruksa," alisema. "Vuka hayo majivu umfungue. Ulisema haumi."

Bwana Bondo alimtazama mbwa wake, na mbwa wake alimtazama yeye, akatoa mngurumo wa chini uliotoka tumboni. Wale vijana wawili walirudi nyuma bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye kisa hicho kilichekewa mpaka Kirumba. Pikapu iliondoka tupu, na mama akaniita, nikaona kwamba dagaa wazuri na mawe alikuwa ameviweka chungu kimoja.

Watu wanasema subira yavuta heri. Waliosema hivyo hawakuwahi kuamka kila asubuhi na kwenda kuangalia kama mbwa yu hai kabla ya kunawa uso. Nilimchukia Sajini kwa moyo wangu wote, na kila jioni nilimwombea maisha marefu. Nilijifunza mambo yake kama nilivyojifunza jedwali la kuzidisha: alikunywa mara mbili, asubuhi na alasiri; alikula ugali uliochanganywa na vichwa vya samaki, bila pilipili; alibweka mara tatu pikipiki ikipita, kwa sauti nene isiyopasuka. Nilifuta mstari mmoja wa mkaa kila asubuhi. Mama alimnusa Masanja kichwani, akamshika paji la uso, akamwambia ameze mate mbele yake. Hatukulisema jina la ugonjwa.

Siku ya sita hakunywa. Niliweka ndoo asubuhi, haikuguswa. Kufikia mchana habari zilikuwa zimefika sokoni, na watu walianza kuja. Walisimama kuuzunguka mstari wa majivu, labda arobaini, wengine na watoto migongoni, wakimkodolea macho mbwa na ndoo. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Mmoja alisema macho yamekuwa mekundu. Mwingine alisema ulimi umevimba. Bwana Mifugo alikuwa amekwenda Misungwi kwenye mnada wa ng'ombe na hapakuwa na wa kumwuliza. Sajini alijikunja chini ya lori, kichwa kati ya miguu, akitazama ile miguu mingi. Nilimwona mama akiingia ndani, akatoka na khanga safi na soksi za Masanja, akaanza kuzifunga ndani ya furushi. Alikuwa anakwenda, wapi, nadhani hata yeye hakujua. Masanja kizingitini aliuliza kwa nini watu wote wamekuja kumwona Popi. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, na baba akamshika mkono akamtoa nje.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani haukuwa ujasiri, nilikuwa nimechoka kuogopa. Niliwapigia kelele wale watu wazima, mimi niliyelelewa kupiga goti nikisalimia. "Nyie ndio mnamzuia! Nani anaweza kunywa maji akitazamwa hivyo? Ondokeni!" Ilikuwa utovu wa adabu mkubwa, na siku nyingine ningepata bakora. Lakini mama aliacha furushi, akanitazama, kisha akachukua ufagio akaanza kuwafagia watu kwa vumbi mpaka uwanja ukabaki mtupu. Akafunga lango la miti. Akamwingiza Masanja ndani, naye akaingia. Nikabaki peke yangu. Niliusukuma ule mti, nikasogeza ndoo karibu zaidi na lori, nikakaa chini upande wangu wa majivu. Ndipo nikageuka nikampa mbwa mgongo, kama Masanja alivyompa.

Nilikaa muda mrefu. Jua lilinichoma shingo, na harufu ya mabondo ilikuja na upepo ikapita. Nilisikia mnyororo ukikokoteka, ukasimama, ukakokoteka tena. Nilikuwa nimepima majivu kwa macho mara elfu, nilijua hawezi kunifikia, na bado nilijikojolea kidogo. Naomba radhi lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikasikia: lap, lap, lap. Alikunywa na kupumzika, akanywa tena mpaka ndoo ikakwaruza. Nilitaka kusimama na kupiga vigelegele, na nilichofanya ni kulia nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili, nisije nikamshtua akaacha. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni amekaa chini, kichwa kimeegemea mwimo, naye alikuwa amesikia.

Mstari wa mwisho niliufuta mbele ya watu. Bwana Mifugo alimchunguza Sajini kwa umbali wa mstari wa majivu, akamchunguza Masanja, akavua kofia akasema, "Mtoto ni mzima." Vigelegele vilianzia kwetu vikafika barabara ya Musoma. Baba alimbeba Masanja juu ya mabega akazunguka naye mtaa mzima. Siku hiyo ningetaka habari hii iishie hapo.

Asubuhi ya kumi na moja alikuja askari mwenye bunduki aliyeombwa na Bwana Mifugo, kwa sababu mama alikataa marungu. Wanaume hawakuweza kumsogelea mbwa. Askari hakutaka kufyatua risasi katikati ya nyumba. Ilibidi mbwa apelekwe nyuma ya mtaa, kwenye mawe makubwa, na mtu pekee aliyeweza kuushika mnyororo wake nilikuwa mimi. Nilimwambia mama tumwache. Nilimwambia hakujizaa mkali, alikandiwa pilipili na kufungwa gizani, na kwetu hakumgusa mtu. Mama alipiga goti tukawa sawa kwa urefu. "Najua," alisema. "Lakini niliwapa neno, wakashusha marungu kwa neno hilo. Nikilivunja leo, kesho Bondo ataleta wengine watatu na mimi sitakuwa na mdomo." Nilivuka majivu kwa mara ya kwanza. Sajini alinifuata kama mbwa yeyote anayefuata mtu wake, bega lake likinigusa ubavu njia nzima. Nilimfunga kwenye kisiki walichonionyesha, nikarudi, na sikuziba masikio. Masanja alikuwa kizingitini. Aliniona nikitoka na Popi na akaniona nikirudi bila Popi, na alilia siku mbili, mama akiwa amemshika na hasemi kitu.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Bwana Bondo alihama mwaka uleule. Yale masharti matatu yaliandikwa kwenye ubao na yakafuatwa Igoma nzima kwa muda, kisha ubao ukaliwa na mchwa. Siku hizi chanjo zipo, sindano zipo, na mbwa wanauzwa kwenye simu, wenye vichwa vipana na mataya kama koleo, na picha zao zinapendwa kuliko za watoto. Kuta zimekuwa ndefu mpaka hujui nyuma yake kuna nini. Zamani tulikuwa na sheria na hatukuwa na sindano. Sasa mtu anakuonyesha karatasi, cheti na kibali, na geti liko wazi.

Mwenye geti ninayemsema ni Masanja. Amejenga Kisesa, kazi yake ni nzuri, na ana mbwa watatu wa namna hiyo ambao hawafungi, eti kumfunga mbwa ni ukatili. Mwezi uliopita mmoja wao alimng'ata mkono msichana aliyekuwa akipita na sinia la karanga. Msichana alipata sindano ya kwanza siku hiyohiyo. Mwenyekiti wa mtaa alimwita Masanja mara mbili na hakwenda. Nilikwenda mimi kumwona. Nilisimama nje nikampigia simu afunge mbwa kwanza, akacheka akasema, "Ingia tu dada, hawaumi." Sikuingia mpaka alipotoka kunipokea mwenyewe.

Tulipoketi aliniambia lile analoniambia kila tukigombana. "Mimi si kama nyie. Nyie mlimwua Popi wangu. Mama alimtoa mbwa wetu akauawe, na mpaka amekufa hakuniambia kosa lake."

Miaka yote nilikuwa nimenyamaza, na majirani nao, kwa sababu mama alisema atamwambia akikua; alipokua akawa hasikii, na mama akazeeka akiwa amezikubali lawama za Masanja kama mtu anayekubali baridi. Siku hiyo nilimwambia yote. Nilimwambia ringi, majivu, mistari ya mkaa, na jinsi mama alivyofunga soksi zake kwenye khanga asijue anakwenda wapi. Alikunja suruali, akalitazama lile kovu lake pana ambalo tangu utoto aliambiwa ni la mbwa mwingine.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

Alishusha suruali polepole mpaka kovu likafichika. "Mama akaniacha nimchukie yeye," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ulipata usingizi," nilimjibu. "Yule msichana wa karanga bado hajalala. Nimetoka kwao."

Aliinuka, akatoka uani, nikamsikia akiwaita mbwa wake kwa majina. Nilisikia mnyororo wa kwanza ukifungwa, kisha wa pili. Nilibaki kwenye kiti, mikono imeshika magoti, nikingoja wa tatu.